Huyu Ni Nani Wake? Pengwini, Chemirocha na Neno la Kumwita Mwandani

Mvua ya mawe ilipoanza kugonga mabati, mpwa wangu alikuwa amefika ukurasa ambapo mtu mwenye koti la viraka anatembea juu ya barafu pamoja na pengwini. Tulikuwa nyumbani kwa dada yangu, upande wa barabara itokayo Litein kwenda Kapkatet, mahali ambapo kijani cha chai huanzia mlangoni na kwenda kupotelea kwenye ukungu. Wachumaji walikuwa wamekwisha kukimbilia kibanda cha kupimia majani, vikapu mgongoni. Mtoto aliweka kidole juu ya yule ndege, akaniuliza: "Mjomba, huyu ni nani wake?"

Nilishindwa kumjibu. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza na mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuzia maneno kadiri tulivyofunua kurasa. Hadi hapo nilikuwa nimepita salama: barafu niliijua, meli niliijua, nyota nilizijua. Lakini mtoto hakuuliza jina la ndege wala aina yake. Aliuliza uhusiano. Ndivyo tuulizavyo sisi mgeni anapoletwa nyumbani: jina lake latosha kwa kumwita, lakini hatujui tumkalishe wapi mpaka tuambiwe ni nani wa nani. Ni shemeji? Ni mwenzake wa kazini? Ni mtoto wa jirani? Swali hilo dogo limenikalia kichwani kwa miezi, na makala haya ni jaribio la kulijibu kwa ukamilifu.

Kwanza kitabu chenyewe. Ni mkusanyiko wa hadithi za picha zinazomhusu Doctor Who, msafiri wa anga na zama ambaye Waingereza walianza kumwona kwenye televisheni ya BBC tarehe 23 Novemba 1963. Mwaka uliofuata aliingia kwenye michoro ya magazeti ya watoto, na tangu 1979 akapata jarida lake mwenyewe. Humo, mwaka 1984, mwandishi Steve Parkhouse na mchoraji John Ridgway walimpa msafiri huyo mtu wa kufuatana naye ambaye televisheni isingemmudu kwa urahisi: kiumbe awezaye kujigeuza umbo lolote, mpelelezi wa kukodiwa kwa kazi, ambaye anapenda zaidi kukaa katika umbo la pengwini. Alijichagulia jina la Frobisher, ambalo ndilo jina la baharia Mwingereza wa karne ya 16 aliyetafuta njia ya kupita katikati ya barafu ya kaskazini.

Hadithi iliyotushika mimi na mpwa wangu inaitwa Voyager. Inaanza kwa ndoto ya meli inayoelekea ukingo wa dunia. Inapitia nchi ya barafu, inafika kwenye mnara wa taa, na humo tunamkuta mzee Astrolabus, mwizi wa ramani za nyota. Ridgway huchora kwa mistari myembamba ya wino mweusi, mingi na ya subira, hata baridi ya pale inakufikia ukiwa umekaa jikoni karibu na moto. Masimulizi yanarukaruka kama ndoto yenyewe, na msomaji apendaye kila tukio liwe na sababu yake atachoka mapema. Mpwa wangu hakuchoka. Kilichomshikilia ni yule ndege, ambaye huogopa, hubisha, hulalamika, na bado hamwachi mwenzake. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye ubora wa kazi hii: katikati ya maajabu yote, uhusiano wa wale wawili ndio ulio imara kuliko vyote.

Uhusiano huo ndio niliokosa neno lake.

Nilianza kuelewa tatizo langu nilipotazama vile viputo vinavyotoka midomoni mwa wahusika. Sijui mtihani mkali wa istilahi kuliko kiputo. Kamusi ina nafasi ya kufafanua, kitabu cha kiada kina nafasi ya kurudia, lakini kiputo kina upana wa vidole viwili, na neno lililomo lazima litoke mdomoni mwa mtu anayekimbia. Kitenzi cha Kiswahili hupita mtihani huu kwa urahisi wa ajabu. "Hawatakukamata" ni neno moja, na ndani yake mna watendao, wakati ujao, ukanusho, anayetendwa na tendo. Nomino zetu mpya ndizo zinazopasua kiputo. Jaribu kumwambia mhusika aseme "hadithi ya kubuni yenye misingi ya kisayansi" huku paa likimwangukia.

Hata jina la sanaa hii bado tunaligawana. Kenya wengi husema katuni, na neno hilo hubeba kila kitu: mchoro wa mwanasiasa gazetini, filamu ya watoto ya Jumamosi asubuhi, na hadithi ndefu ya picha. Tanzania utasikia vibonzo. Lipo pia kikaragosi, neno ambalo wajuzi wa asili ya maneno hulihusisha na Karagöz, mhusika wa maonyesho ya vivuli ya Waturuki. Safari ya neno hilo kutoka pazia la Uturuki hadi kinywani mwa Mswahili yaweza kuandikiwa makala yake. Ila kikaragosi siku hizi kina dharau ndani yake. Tunakitumia kwa serikali isiyojitawala. Kibonzo nacho kina kicheko. Mchoro wa Ridgway wa meli iliyozingirwa na barafu hauna kicheko chochote, kwa hiyo mimi huita kazi kama hii hadithi ya picha. Ni maneno matatu ya kawaida, hayahitaji kufunzwa, na mtoto wa Bomet na wa Mbinga wanayaelewa siku hiyohiyo.

Sanaa yenyewe si ngeni kwetu. Wasomaji wa Taifa Leo wamekua na Juha Kalulu wa Edward Gitau, ambaye jina lake pekee ni somo la istilahi, maana juha ni mjinga wa hadithi za Waarabu na kalulu ni sungura wa hadithi za kusini mwetu, na wawili hao wamekaa kwa amani katika mtu mmoja. Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi Nairobi hadi alipofariki mwaka 2012, alituchorea Akokhan, hadithi ya watu wenye nguvu zipitazo za kawaida. Mwaka 2010 likaja jarida la Shujaaz, lenye kijana Boyie anayeendesha redio ya siri kutoka chumbani mwake, na likazungumza Sheng bila kuomba ruhusa. Tuliwahi kucheka, kuogopa na kujifunza kwa picha. Tulichofanya kwa uchache ni kwenda nazo nyotani.

Kwa upande wa nyota, neno lililonifurahisha kuliko yote ni bunilizi. Wataalamu wa fasihi wamelitoa katika kitenzi kubuni, na bunilizi ya kisayansi ndilo jina ninalolishika kwa aina hii ya masimulizi. Ukilifuata hadi kwenye shina utakutana na mbuni. Katika Kiswahili mbuni ni watatu. Kuna mbuni mti, uzaao buni za kahawa, na wingi wake ni mibuni. Kuna mbuni mtu, afikiriaye jambo ambalo halijawahi kuwapo, na wingi wake ni wabuni. Kuna mbuni ndege, mkubwa kuliko ndege wote, asiyeweza kuruka, ambaye wingi wake haubadiliki. Sauti ni moja, asili ni mbalimbali, na wingi ndio unaowatenganisha. Kila ninapomtazama Frobisher, ndege mwingine asiyeruka ambaye hata hivyo anasafiri kati ya sayari, naona kwamba lugha yetu ilikuwa imekwisha kuwaweka karibu ndege wa namna hiyo na mtu wa kubuni, kabla ya mwandishi yeyote wa Uingereza kuwakutanisha.

Wabuni tunao. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, akatuonyesha nchi inayoelea angani, na jina la nchi hiyo akalitoa katika kitenzi cha kila siku. Katama Mkangi mwaka 1995 alimrusha mhusika wake hadi sayari nyingine, na sayari hiyo akaiita Walenisi. Lisome polepole: wale ni sisi. Waandishi wa kwingineko huhangaika kutafuta majina ya sayari yenye herufi zisizotamkika ili msomaji ahisi umbali. Mkangi alifanya kinyume. Alichukua sentensi ambayo bibi yeyote wa Ribe angeisema, akaiunganisha, na umbali ukageuka ukaribu. Huo ni uundaji wa istilahi wa daraja la juu, na ulifanywa bila kamati.

Mtu asidhani kwamba mambo haya yako mbali na nchi ya chai. Vitabu vya rekodi vinaitaja Kericho kuwa mahali palipowahi kupata mvua ya mawe siku 132 katika mwaka mmoja. Mawe hayo hutoboa jani la chai na kulifanya lisifae. Ndiyo sababu katika miaka ya 1960 roketi zenye baruti zilirushwa mawinguni juu ya mashamba ya hapa, katika jaribio lililodumu miaka minne la kuyavunja mawe kabla hayajaanguka. Vibarua waliokuwa wakichuma majani mawili na chipukizi lake waliinua macho wakaona roketi. Na upande wa pili wa nchi, tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksrei itokayo kwenye nyota. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka 7 ya kujitawala, na setilaiti ikaitwa Uhuru. Neno la Kiswahili limekwisha kuizunguka dunia likitafuta mashimo meusi.

Kwa hiyo nilipofika kwenye vifaa vya safari ya msafiri wetu, sikuhitaji kuazima chochote. Meli yake ya angani tunaiita chombo, na chombo kwa mtu wa Lamu ni jahazi kabla ya kuwa kitu kingine. Anayekiendesha ni nahodha, neno la Kiajemi la mwenye meli. Rubani, ambaye leo tunamjua kwenye ndege, alianza kazi baharini. Na zile ramani za nyota alizoiba Astrolabus ziliniwia furaha ya pekee, kwa sababu ramani yenyewe yatokana na Kiajemi, kwa maana ya kionyesha njia, na mabaharia wa Bahari ya Hindi waliita hivyo vitabu vyao vya kuongozea vyombo. Parkhouse aliandika hadithi ya mabaharia wa anga kwa Kiingereza. Mimi nilipoigeuza, maneno yalirudi baharini yenyewe. Mpwa wangu hajawahi kuiona bahari. Lakini alipolisikia neno nahodha alinyoosha mgongo kama mtu aliyeko usukani.

Jambo moja katika hadithi hizi huwatatiza Waingereza wenyewe, na Kiswahili hulitatua kwa sarufi tupu. Chombo cha Doctor Who kwa nje ni kisanduku cha polisi kinachotosha mtu mmoja kusimama na kupiga simu. Ukiingia, unakuta kumbi na korido zisizo na mwisho. Mwingereza anaeleza kwa mshangao kwamba kitu ni kikubwa zaidi ndani kuliko nje, kana kwamba kitu ni kimoja na kinajipinga. Kiswahili kina ngeli ya mahali, nayo ina sehemu tatu: pa ya mahali panapoonekana, ku ya mahali kusiko na mipaka, na mu ya ndani. Ninasema: nje pake ni padogo, ndani mwake ni mkubwa. Hakuna kinachojipinga. Ni mahali pawili, kila mahali na kipimo chake. Nilipomwambia mpwa wangu sentensi hiyo hakushangaa hata kidogo. Alitikisa kichwa kukubali, akafunua ukurasa.

Kisha tukamfikia ndege mwenyewe. Wapo wanaoandika ngwini, neno fupi lenye sauti ya Kibantu, ambalo ukilisikia unaweza kudhani limekuwapo siku zote. Wengi husema pengwini. Ninapenda ngwini kwa masikio, lakini nimechagua pengwini, kwa kuwa ndilo mtoto wa Gredi ya Sita atakalolikuta darasani na kwenye runinga. Neno hilo runinga huhusishwa na Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyefariki mwaka 2017 baada ya maisha marefu ya kuyachimbua maneno ya lahaja za kaskazini na kuyapa kazi mpya. Baadhi ya maneno ya namna hiyo yalishika, na mengine hayakushika. Kazi ya mchimbaji ni kulileta neno juani. Kulikubali ni kazi ya midomo.

Jambo kubwa zaidi kuhusu pengwini huyu ni kiambishi. Mwingereza akimtaja mnyama anayezungumza lazima aamue kama atamwita kwa kiwakilishi cha mtu au cha kitu. Sisi hatuamui. Mwenye pumzi ni a-: mtu anasema, sungura anasema, pengwini anasema. Kwenye hadithi zetu usawa huo ulikuwapo tangu mwanzo, na ndiyo maana sungura anaweza kumshitaki fisi mbele ya simba bila mtu kuuliza. Mpaka wetu uko kwingine, kati ya chenye pumzi na kisicho nayo. Roboti atakapoletwa kuwa msafiri mwenza, mwandishi wa Kiswahili atalazimika kutoa hukumu kwa silabi moja: roboti inasema, au roboti anasema. Hapa nchi ya chai hilo si la kufikirika. Mashine za kuchuma majani chai zimekwisha kuingia, na Mei 2023 baadhi zilichomwa moto Kericho na watu walioona zinawapokonya vibarua riziki. Sikumsikia hata mmoja aliyesema mashine anachuma. Kila mtu alisema inachuma. Katika i- ile mlikuwa na ubishi mzima kuhusu nani ana haki ya kuwa mtu wa shamba.

Sasa nirudi kwenye swali la mpwa wangu, na nirudi kwa kupitia Kapkatet, ambako si mbali na pale tulipokuwa tumekaa.

Mwaka 1950, Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika kwa miaka mingi akirekodi muziki, alifika Kapkatet akiwa na mitambo yake. Huko alirekodi nyimbo za Wakipsigis zilizomtaja kiumbe aitwaye Chemirocha. Iliyosifika kuliko zote iliimbwa na wasichana, akiwamo Chemutoi Ketienya, kwa kinubi cha kwao. Chemirocha alikuwa nani? Alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi nchini Marekani, aliyefariki mwaka 1933 bila kuikanyaga Afrika. Sahani zake za santuri zilifika na wageni, watu wakasikia sauti ya mtu asiyeonekana, na sauti hiyo ikapata jina na ikapata mwili. Kwa maelezo aliyoyaacha Tracey, mwili huo ulikuwa nusu mtu, nusu swala.

Nimelitafakari neno hilo mara nyingi kama fundi atazamavyo kiungio kilichofungwa vizuri. Kikipsigis hakitenganishi j na ch, kwa hiyo Jimmie akawa Chemi. Rodgers akapoteza konsonanti zake za mwisho, akapata irabu ya kupumzikia. Na silabi ya kwanza ikamkalisha mara moja miongoni mwa majina ya nyumbani: Chebet aliyezaliwa mchana, Cherono aliyezaliwa mbuzi wakirudi jioni, Chemutoi mwenyewe aliyeimba. Hata yule wa kuogopwa, Chemosit, ambaye A. C. Hollis katika kitabu chake cha mwaka 1909 kuhusu Wanandi alimwandika kuwa nusu mtu na nusu ndege, mwenye mguu mmoja na mdomo mwekundu uwakao usiku kama taa. Nchi iliyokuwa na Chemosit haikupata shida kumpokea Chemirocha. Walikuwa tayari na kiti cha kumkalisha mtu aliye nusu huku na nusu kule.

Wapo wanaoisimulia habari hii kama kosa la kuchekesha, watu wasiojua santuri wakadhani mwimbaji ana kwato. Sikubaliani nao hata kidogo. Wasichana wale walifanya kazi ya istilahi kwa ukamilifu kuliko wengi wetu wenye vyeti. Walisikia kitu kipya, wakakipitisha kwenye sauti za lugha yao, wakakipa umbo litakaloonekana machoni pa msikilizaji, na wakakipa uhusiano na wao wenyewe kwa kukialika katika wimbo. Sisi mara nyingi huishia hatua ya kwanza. Tunabadili tahajia, tunaongeza irabu, tunadhani tumemaliza, na neno linabaki limesimama mlangoni kama mgeni asiyeambiwa akae. Ndiyo maana nakala za rekodi zile ziliporudishwa huku katika miaka ya 2010, zilirudi nyumbani kwa maana kamili. Neno lilikuwa la wenyewe.

Basi, pengwini ni nani wake? Niliyapima maneno moja moja.

Msaidizi halifai. Msaidizi yuko chini ya mtu, hulipwa au hutumwa, na Frobisher hatumwi. Mfuasi linaleta dini na siasa. Msafiri mwenza ni sahihi, lakini hata abiria wawili waliokalishwa kiti kimoja kwenye matatu ya Kericho kwenda Sotik ni wasafiri wenza, na wakishuka hawakumbukani. Sahibu lina utamu wa pwani, ila huku bara wengi hawalitumii. Rafiki ni zuri na pana, lakini upana huo ndio udhaifu wake. Leo tuna marafiki elfu kwenye simu. Mwenzi lilinivuta sana, kwa sababu lina usawa ndani yake: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Lakini mwenzi hudai kufanana. Mwenzangu ni wa rika langu, wa kazi yangu, wa ndoa yangu, wa hali kama yangu. Kinachopendeza kati ya mtu yule na pengwini yule ni kwamba hawafanani kwa lolote.

Likabaki mwandani. Kamusi hulieleza kuwa rafiki mkubwa, mtu wa siri. Halidai kufanana. Mwandani wako anaweza kuwa mzee kuliko wewe, tajiri kuliko wewe, au wa kabila jingine; linadai tu kwamba umemruhusu kufika mahali ambapo wengine hawafiki. Sikio la Mswahili husikia ndani katikati ya neno hilo, iwe asili yake ni hiyo au nyingine. Jirani yake wa sauti ni mwanandani, kile chumba cha pembeni kaburini alazwapo maiti wa Kiislamu, mahali pa ndani kuliko pote. Na kumbuka chombo chetu: nje pake padogo, ndani mwake mkubwa. Ulimwengu mzima hukiona kwa nje na kudhani ni kisanduku. Mwandani ni yule aliyeingia akaona ukubwa wa mle.

Nalipenda pia kwa ufupi wake. Silabi tatu zinatosha kwenye kiputo, na bado mhusika anaweza kulitamka akiwa anakimbia: "Mwandani wangu!" Nimelijaribu kwa sauti, nikilisoma kwa mpwa wangu ukurasa baada ya ukurasa, na halikukwama popote.

Mvua ilipokatika, mawe yalikuwa yamejaa uani, meupe juu ya udongo mwekundu, na majani ya chai yamechanika. Dada yangu alitoka kwenda kutazama hasara. Nilimwambia mtoto: "Ni mwandani wake." Aliuliza kama mwandani ni ndugu. Nikamwambia kuna siku mwandani hukufaa kuliko ndugu. Alikubali, na tangu siku hiyo hajaniuliza tena.

Ninaleta neno hili mbele ya wasomaji, wachapishaji na walimu nikiwa na ombi moja. Wapeni watoto viputo vitupu. Chukueni hadithi ya picha, ya kwetu au ya kigeni, mfute maneno, muwaachie watoto wa Bomet, wa Tanga na wa Bukavu wavijaze kwa Kiswahili, kisha sikilizeni ni maneno gani yamekaa na yapi yamesimama mlangoni. Kamati zina kazi yake na kamusi zina kazi yake, lakini zitakuwa na cha kuandika iwapo tu kuna midomo inayosema. Wasichana wa Kapkatet walitupa mfano mwaka 1950. Kwa bunilizi ya kisayansi, mimi nimeshika mwandani. Mwenye neno linalomkalisha mgeni vizuri zaidi ya hili, na alilete tulipime.